Zahanati Iliyohamia Kilimani

Nilifundisha darasa la tatu kwa miaka mingi, na ukiacha pensheni na maumivu ya magoti, kitu pekee nilichoondoka nacho shuleni ni mwandiko. Ni mwandiko wa duara, uliosimama wima, kila herufi imekaa kwenye mstari wake kama mtoto aliyeambiwa mkaguzi yuko njiani. Nilipostaafu na kurudi kukaa moja kwa moja kwenye nyumba yetu ya Ujiji, haukupita mwezi kabla mtaa haujaugundua. Nikawa mwandishi wa barua za kuomba ruhusa, za kuomba uhamisho, na wa orodha za michango ya misiba. Sikugombea cheo chochote. Siku moja mwenyekiti wa mtaa alikuja na kaunta buku jipya, akaliweka mezani karibu na chai yangu.

"Mwalimu," akasema, "katibu wetu anaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Halmashauri wanaturudishia karatasi zetu. Tusaidie mihutasari."

Mume wangu, ambaye alifanya kazi bandarini Kigoma hadi walipomwambia inatosha, alilitazama lile kaunta buku kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Umekwisha," akasema, akaendelea kunywa chai.

Nilidhani ananitania.

Katikati ya mtaa wetu pana uwanja. Kwenye mchoro wa mipango miji, kama nilivyokuja kuuona baadaye, una rangi ya kijani na umeandikwa "eneo la wazi". Ukisimama pale kwa miguu yako hakuna kijani hata kidogo. Ni udongo mwekundu uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Asubuhi wanawake huanika muhogo na dagaa, jioni vijana hucheza mpira, na mtu akifa au akioa tunafunga turubai hapohapo. Mara mbili nimeona turubai moja likitumika kwa msiba Ijumaa na kwa harusi Jumapili, na waliokuja walikuwa walewale, wamebadilisha nguo tu.

Basi ikaja habari kwamba halmashauri imepata mradi wa zahanati na mahali palipofikiriwa ni huo uwanja wetu. Nataka ieleweke vizuri kwamba sikuwahi kukutana na mtu mtaani kwetu aliyekuwa hataki zahanati. Mtoto akishikwa na homa tulikuwa tunavuka mji mzima kumfuata daktari, na mama mjamzito alikuwa anaanza safari mapema kuliko abiria wa treni. Tulichotakiwa kufanya ni kidogo tu. Kwa kuwa mchoro unasema eneo la wazi, na zahanati si eneo la wazi, ilibidi matumizi ya ardhi yabadilishwe, na ili yabadilishwe ilibidi wananchi wakutane, waulizwe, waridhie, na kuridhia kwao kuandikwe. Hapo ndipo mwandiko wangu ulipoingia.

Mkutano uliitishwa saa tisa alasiri, katikati ya masika. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, muuza mitumba wa zamani mwenye sauti ya sokoni, na aliamini maendeleo kama watu wengine wanavyoamini dawa za mitishamba: bila kuuliza yamechanganywa na nini. Watu walikuja wachache, wamebeba viti vyao. Nilikaa pembeni na kaunta buku mapajani. Mwenyekiti akafungua barua ya halmashauri, akasoma salamu, akasoma kumbukumbu namba, akafika kwenye "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", ndipo mvua ikashuka kutoka upande wa ziwa kama mtu aliyemwaga ndoo.

Watu wakakimbilia chini ya mabaraza. Mwenyekiti akabaki uwanjani peke yake, barua ya halmashauri ameiweka kichwani, maji yanamtiririka mgongoni.

"Tumekubaliana?" akapaza sauti.

Kutoka barazani kwenye duka la mawese ikasikika sauti. Inawezekana ilisema "Ndiyo". Inawezekana pia kuna mtu alikuwa anamwambia mwenzake asogee kidogo.

Tulipofika ofisi ya mtaa, ambayo ni chumba kimoja chenye meza na bendera, alijifuta uso kwa kitambaa akaniambia, "Haya, andika."

"Niandike nini?"

"Kilichotokea."

"Kilichotokea ni mvua, mwenyekiti."

Akacheka. Kisha akainama, akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, kuna mtu unamjua hapa mtaani asiyetaka zahanati?"

Nikafikiri kwa haki. "Hapana," nikasema.

"Basi wameridhia. Mvua haibadilishi hilo."

Hoja yake sikuiona kasoro siku ile, na hata leo naitafuta kasoro yake kwa shida. Nikaandika: "Baada ya majadiliano ya kina, wananchi waliridhia kwa kauli moja mabadiliko ya matumizi ya eneo tajwa." Maneno "majadiliano ya kina" niliyaongeza mimi mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Sentensi ilionekana fupi bila hayo.

Kesho yake nilizunguka nyumba kwa nyumba na orodha ya mahudhurio. Watu walisaini mlangoni, wengine wakiwa na unga mikononi, na wote walifurahi. Nyumba moja tu niliikuta imefungwa, ile ya mwisho inayopakana na uwanja. Mwenye nyumba hiyo ni mama mjane, Muha wa Simbo aliyeolewa Ujiji zamani, na kila masika huenda kwao Simbo kupalilia muhogo wake na kuwaeleza wadogo zake namna wanavyopaswa kuishi. Sikumsubiri. Mtu mmoja, nikajiambia.

Baada ya hapo halmashauri ilitoa tangazo. Lilisema kwamba eneo fulani linakusudiwa kubadilishwa matumizi, na kwamba mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa. Lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa. Ubao huo, ili usinyeshewe, uko ndani ya ofisi, na ofisi hufunguliwa mwenyekiti akiwepo. Kwa hiyo tangazo lilisomwa na mwenyekiti, na mimi, na fundi aliyekuja kurekebisha bawaba ya mlango.

Yule mama akarudi kutoka Simbo. Kabla hajafungua mizigo yake, muuza samaki wa migebuka aliyepita barabarani alimwambia kwamba uwanja umeshachukuliwa na serikali. Alikuja kwangu asubuhi iliyofuata, amejifunga kitenge cha kutokea, amekaa wima kwenye kiti cha sebuleni kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha, nami nikamwitikia. Kisha nikamwamkia, maana ni wa umri wa mama yangu.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia wewe ndiye unaandika. Chukua karatasi. Andika kwamba mimi sijaulizwa."

"Mama, wewe unapinga zahanati?"

"Nani kasema napinga? Nina presha, nitapingaje zahanati? Nasema sijaulizwa. Uwanja uko mlangoni kwangu. Mume wangu walimsalia pale. Watoto wangu wote wawili walifungiwa turubai la harusi pale. Mtu akitaka kuweka jiko mlangoni kwa mwenzake hapigi hodi?"

Hapa ndipo ninapojilaumu, na sijilaumu kwa sababu wanayodhani watu. Nilipaswa kumshika mkono, nimpeleke kwa mwenyekiti hatua mia mbili kutoka pale, mwenyekiti apige hodi kama inavyostahili, tunywe chai, yaishe. Badala yake nilikwenda kutafuta kalamu nzuri. Tangu nistaafu sikuwa nimepewa jambo la kuandika lenye uzito wowote. Barua za kuomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mjomba zina mwisho wake. Hii ilikuwa hoja, na hoja ilinifaa.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Nilipofika kwenye kichwa cha habari nilisita kidogo, kwa sababu tangazo lilitaka mapingamizi tu. Halikuweka nafasi ya mtu anayetaka kuulizwa. Nikaandika "YAH: PINGAMIZI". Chini yake nikaeleza kwamba ushirikishwaji wa mwananchi si hisani bali ni haki, kwamba eneo la wazi ni pafu la mtaa, na kwamba maendeleo yasiyoshauriana na wakazi ni kama nyumba isiyo na mlango. Nilimsomea. Alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha, kama anayesikiliza taarifa ya habari.

"Hayo yote nimesema mimi?" akauliza.

"Kwa maana yake, ndiyo."

"Nimesema vizuri," akasema, akaweka dole gumba.

Sikumwambia kuhusu ule muhtasari. Niliogopa kidogo, lakini si sana. Nilijua jinsi barua zinavyoishi maofisini. Huingia, hugongwa muhuri, hulala.

Hii haikulala. Ilimwangukia afisa mipango miji mpya, binti mdogo aliyetoka chuo, aliyevaa buti za kazi na kubeba mafaili yake kwenye mkoba wa mgongoni. Kosa lake, kama mtu atataka kuliita kosa, ni kwamba alisoma kila karatasi iliyowekwa mezani kwake. Alituita mimi na mwenyekiti ofisi ya mtaa. Akatuamkia wote wawili, akakaa, akafungua faili, akaweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine, kama fundi cherehani anayelinganisha mikono ya shati.

"Muhtasari unasema wananchi wameridhia kwa kauli moja, baada ya majadiliano ya kina," akasema. "Barua inasema mkazi anayepakana na eneo hakushirikishwa kabisa. Nilitaka kumpata mwandishi wa muhtasari na mwandishi wa barua, niwasikilize wote wawili."

Mwenyekiti alitazama bendera. Mimi nilizitazama zile karatasi. Herufi "g" zilikuwa na mkia uleule.

"Wote wawili ni mimi," nikasema.

Yule binti hakucheka, na laiti angecheka. Alinitazama kwa heshima kubwa, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakinitazama nikikosea hesabu ubaoni.

"Samahani mwalimu," akasema. "Sasa katika hizi mbili, ya kweli ni ipi?"

Palikuwa na jibu zuri la kumpa. Nilikuja kulipata baadaye, nikiwa naosha vyombo: kwamba zote ni za kweli, muhtasari unaeleza nia ya wengi na barua inaeleza malalamiko ya mmoja, na mmoja ataeleweshwa. Mwenyekiti alikuwa ameshalifikiria, kwa sababu nilisikia anakohoa kikohozi cha kunisaidia. Lakini niliulizwa swali na mtoto, kwa adabu, na kwa maisha yangu yote nimekuwa nikiwaambia watoto kwamba anayeulizwa swali la kweli atoe jibu la kweli.

"Barua," nikasema. "Mkutano haukufanyika. Ilinyesha."

Mwenyekiti akaacha kukohoa.

Binti akaandika kitu kwenye daftari lake. Halafu akasema angependa kumwona huyo mama. Tukaenda wote watatu, mwenyekiti akitembea mbele hatua kadhaa, haniangalii. Tulimkuta yule mama anapeta mchele barazani. Aliagiza viti, akachemsha chai, akauliza yule binti kwao ni wapi na wazazi wake hawajambo. Baada ya kikombe cha kwanza binti akatoa mchoro, akautandaza mkekani, akamwonyesha jengo litakapokaa, mlango utakapoelekea, na mahali ambapo wangeacha kipande cha uwanja kwa ajili ya misiba.

"Mama, wewe unaonaje?"

Yule mama alitazama mchoro kwa muda mrefu, ingawa najua macho yake hayaoni karibu.

"Ni pazuri," akasema. "Jengeni."

"Kwa hiyo hupingi?"

"Mwanangu, tangu lini nilipinga? Nilitaka kuulizwa. Umeniuliza. Jengeni, presha yangu hainisubiri."

Mwenyekiti alishusha pumzi, na mimi nikashusha yangu. Tulidhani yameisha. Binti akakunja mchoro taratibu, akatueleza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa hali ya hewa, kwamba pingamizi likishapokelewa halifutwi kwa mdomo. Inatakiwa barua ya kuliondoa. Barua hiyo itajadiliwa kwenye kikao cha kamati. Na kwa kuwa mkutano wa kwanza haukuwa mkutano, utaitishwa wa pili, kwa tangazo jipya, na muhtasari wake upelekwe pamoja na hiyo barua.

"Itachukua muda?" akauliza mwenyekiti.

"Si mwingi," akasema binti, na sidhani alituongopea. Alikuwa bado mgeni kazini.

Barua ya kuondoa pingamizi niliiandika kwa mistari mitatu. Yule mama aliposomewa alisikitika. "Ile ya kwanza ilikuwa na maneno," akasema.

Mkutano wa pili ulikuwa mkutano kweli. Jua lilikuwa kali, ziwa limetulia hadi milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, na uwanja ulijaa kama Idi. Wanawake waliacha dagaa zao. Wazee wa familia zilizovuka kutoka Kongo enzi za babu zao walikaa mstari wa mbele, wakasema babu zao walivuka ziwa kufuata biashara lakini wajukuu zao wanahitaji sindano. Dada yangu alitoka Katubuka, ambako maji ya mvua yalikuwa yamemfuata mpaka sebuleni, akaja kusikiliza ingawa si mkazi, na alipouliza swali hakuna aliyemkatalia. Kila mtu alisema. Kuna aliyeuliza choo kitakuwa upande gani, na kuna aliyetaka kujua kama muuguzi atakuwa Muha au mtu wa kuletwa. Yule mama mjane alisimama, akaeleza historia ya uwanja tangu ulipokuwa shamba, na alipomaliza akasema, "Mimi nimeulizwa, nimekubali." Watu wakapiga makofi. Mikono ilipoinuliwa, hakuna uliobaki chini. Hata yule muuza migebuka aliyekuwa anapita aliinua wa kwake, na mwingine akashikia beseni.

Niliandika kurasa nne. Niliandika nani alisema nini, na jibu alilopewa. Hakuna neno nililoongeza. Kwa mara ya kwanza tangu nichukue lile kaunta buku, sentensi "wananchi waliridhia kwa kauli moja" ingekuwa ya kweli, na kwa sababu hiyo niliona aibu kuiandika. Niliandika tu kwamba waliulizwa kama kuna anayepinga, na hapakuwa na mtu.

Kurasa zile zilipelekwa. Tukasubiri. Vijana walihamisha magoli ya mpira kwa hiari yao ili mafundi wasisumbuke.

Aliyeleta jibu ni yule binti mwenyewe. Angeweza kutuma barua. Alikuja kwa bodaboda, akakaa sebuleni kwangu, mwenyekiti akaitwa. Alisema kwamba mwaka wa fedha ulikuwa unakaribia kufungwa, na mradi ambao haujaanza kujengwa ungerudishwa ulikotoka. Faili letu lilikuwa bado linasubiri kikao kijacho cha kamati, na kikao kijacho kilikuwa baada ya mwaka kufungwa. Ikabidi patafutwe haraka mahali ambapo mchoro hauhitaji kubadilishwa na hapana pingamizi. Pakapatikana kilimani, juu kabisa, penye eneo ambalo tangu zamani lilichorwa kwa huduma za jamii. Napafahamu. Hapakuwa na pingamizi kwa sababu hapakuwa na watu. Kulikuwa na michikichi, mbuzi wa mtu mmoja, na upepo.

"Nilijitahidi," akasema.

"Tunajua, mwanangu," nikasema.

"Muhtasari wenu wa pili ulikuwa mzuri sana, mwalimu. Nimewaonyesha wenzangu ofisini kama mfano."

Mwenyekiti alinyanyuka, akaaga kwa ustaarabu, akatoka. Kesho yake alimtuma mke wake kuja kuchukua kaunta buku.

Sitasema mtaa ulinichukia. Watu wa kwetu hawana muda huo. Lakini nikifika bombani mazungumzo yalikuwa yanageuka na kuwa habari za bei ya mafuta ya mawese, na kwenye orodha ya michango ya msiba uliofuata niliona mwandiko wa yule katibu wa zamani, wa kuku, umerudi. Mama mmoja kijana, jirani yetu, alikuwa akipita mlangoni kwangu kila mwezi akimpeleka mtoto kliniki kilimani, mtoto mgongoni, mwavuli mkononi. Alikuwa hapiti bila kunisalimia. "Shikamoo mwalimu," anasema, anahema, anaendelea kupanda. Ningependa zaidi anitukane.

Mume wangu alisema mara moja tu, kisha hakurudia. "Ungekuwa na mwandiko kama wangu," akasema, "leo tungekuwa tunasikia watoto wakilia sindano hapo nje."

Yule mama mjane hakuna aliyemlaumu. Alikuwa ametaka kuulizwa, akaulizwa, na kila mtu aliona ni haki yake. Zahanati ilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa mwanzo. Anapanda kwa bodaboda, amekaa upande kama malkia, na akirudi anasifu. Muuguzi ana mikono myepesi. Upepo wa kule ni mzuri, na ukikaa kwenye benchi la nje unaliona ziwa lote. "Ingekuwa pale mlangoni kwangu," aliniambia siku moja, "kelele zingeniua." Nilimwambia ndiyo, mama.

Uwanja nao halmashauri haikuusahau. Faili lilikuwa wazi na lilitakiwa lifungwe kwa namna fulani, kwa hiyo kikao kilipokaa kiliamua kwamba, kwa kuzingatia maoni ya wakazi, eneo libaki kama lilivyo. Wakaleta nguzo ya chuma na kibao: ENEO LA WAZI. HAIRUHUSIWI KUENDELEZA. Mafundi waliisimika katikati kabisa, kwenye duara la kuanzia mpira. Sasa vijana huikwepa wakicheza, na wanawake hufunga kamba kutoka kwenye nguzo hiyo hadi kwenye mlango wa duka la mawese na kuanika nguo.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kupanda kilimani. Nilijiambia sina homa. Mwisho magoti yalinizidi, mume wangu akasema niache kiburi, nikaamka asubuhi nikajifunga khanga, nikaanza kupanda kwa miguu, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mazishi makubwa Rusimbi na bodaboda zote zilikuwa huko.

Nilipofika nusu ya njia, kwenye jiwe ambalo watu wamelifanya la kupumzikia, nilimkuta mwenyekiti. Alikuwa amekaa, shati limeloa jasho, fimbo mkononi. Sikujua kwamba anatembelea fimbo. Alinisogezea nafasi.

"Karibu, mwalimu."

"Ahsante, mwenyekiti. Kuna nini?"

"Kiuno. Na wewe?"

"Magoti."

Tulikaa. Chini tuliona mabati ya mtaa wetu, na uwanja, mwekundu, na nukta ya kile kibao katikati. Maboti ya kusafirishia mizigo yalikuwa yamesogea ufukweni. Mwenyekiti ndiye aliyeanza.

"Ungesema tu kwamba yale ni maoni ya mtu mmoja."

"Ningesema."

"Nilikukoholea."

"Nilikusikia."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi kuliko yeye, na nilikuwa nimeandaa majibu kadhaa, mengine ya kupendeza. Pale juu ya jiwe hakuna lililokuja.

"Sijui," nikasema. "Aliniuliza ipi ya kweli, nikamwambia."

Alikuwa anachora kitu mchangani kwa ncha ya fimbo, mistari isiyo na maana. Mbuzi wawili walipita, wakatutazama, wakaendelea.

"Mimi ndiye niliyekwambia andika," akasema. "Hilo pale ofisini sikulisema. Nilitazama bendera."

"Nilikuona."

"Ningelisema, pengine yule binti angetuona wote wawili waongo, akatusamehe. Ukiwa mmoja unabeba peke yako."

"Pengine."

"Nimemwambia mke wangu akurudishie kaunta buku. Amekataa. Anasema nilipeleke mwenyewe."

"Mwache katibu aendelee," nikasema. "Mwandiko wake umeanza kusomeka."

Akacheka, na kucheka kukamuumiza kiuno, akajishika. Nikampa mkono, akasimama, naye akanipa wa kwake nilipojikwaa kwenye mzizi wa mchikichi. Tulipanda hivyo, pole pole, watu wawili wenye umri wa kutosha kujua kwamba hatungefika mapema. Kwenye kona ya mwisho yule mama kijana mwenye mtoto mgongoni alitupita akishuka, akatuamkia wote wawili, tukamwitikia kwa pamoja.

Tulipofika, benchi la nje lilikuwa limejaa na muuguzi alikuwa ameshagawa namba zote za asubuhi. Alitazama fimbo ya mwenyekiti, akatazama magoti yangu, akasema tukae kivulini, akipata nafasi atatuita. Tukakaa chini, tumeegemea ukuta ambao rangi yake ilikuwa bado haijachujuka. Upepo ulikuwa mzuri kweli. Alituita saa saba kasoro dakika chache, na alipouliza tunatoka mtaa gani, mwenyekiti ndiye aliyejibu, kwa niaba yetu wote wawili.